Louis Sullivan, Mwana wa Mwalimu wa Dansi

Mtu akifika katika mji wa Chicago, kando ya ziwa Michigan, katika nchi ya Marekani, huona majumba yaliyopanda juu hata shingo huchoka kwa kuyatazama. Mmojawapo wa watu waliofundisha ulimwengu namna ya kuyajenga ni Louis Sullivan. Yeye siye aliyejenga jumba refu la kwanza, na haifai kumpa sifa iliyo ya wengine. Lakini ndiye aliyejiuliza kwa nguvu kupita wenzake swali hili: Jumba refu lifanane na nini? Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo, maana yake kuliwaza jengo zima na kulitia katika karatasi kabla waashi hawajachimba msingi. Tutasimulia hapa maisha yake, tukianza mbali kidogo, kwa wazazi na kwa babu yake, kwa kuwa asiyewajua hao hatamfahamu mtu huyu.

Baba yake aliitwa Patrick Sullivan, mzaliwa wa Irlandi. Louis mwenyewe aliandika habari zake katika kitabu alichokitunga uzeeni. Patrick alikuwa mtoto wa pekee wa mchoraji wa picha aliyefiwa na mkewe. Siku moja, kijana akiwa na miaka ipatayo 12, baba na mwana walikwenda kwenye gulio kubwa. Katika msongamano wa watu wakapoteana, na tangu saa ile hawakuonana tena hata kufa. Kijana alibaki na fidla yake tu. Basi akatembea bila viatu, kijiji kwa kijiji, akiipiga fidla hiyo penye harusi na sherehe ili apate chakula. Mwingine angalipotea kabisa katika maisha ya namna ile. Patrick alijiwekea shabaha, akajinyima, akafika London, akajifunza dansi kwa walimu wenye sifa, akawa mwalimu wa dansi naye. Hata Paris alifika. Mwaka 1847 alipanda merikebu akavuka bahari mpaka Boston. Ulikuwa mwaka wa njaa kuu ya Irlandi, na merikebu nyingi zilijaa watu wa taifa lake waliokimbia kifo. Yeye hakuwa mmoja wa hao wenye njaa, ila alitafuta mahali pa kufungua shule yake.

Mama yake aliitwa Andrienne List, mzaliwa wa Geneva katika Uswisi. Babake Andrienne, mzee Henri List, alikuwa Mjerumani aliyehamia Geneva, mtu wa vitabu, mcheshi, aliyependa kutazama nyota. Mkewe, bibi Anna, alikuwa mwanamke mpole mwenye msimamo, ambaye neno lake lilisikiwa nyumbani pasipo kulirudia. Nyumba hiyo ilikuwa na mali, kisha mali ikapotea. Mwaka 1850 wakahamia Boston pamoja na watoto wao, wakaanza upya. Andrienne alijua kupiga piano vizuri sana, tena alichora majani na maua kwa mkono mwepesi. Patrick alimwoa mwaka 1852. Bwana alifundisha watu kucheza, na bibi alipiga piano kandokando. Hivyo ndivyo walivyopata mkate wao.

Walizaa watoto wawili wa kiume: Albert mwaka 1854, na Louis tarehe 3 Septemba 1856. Katika ukoo ule wote, hao watoto wawili ndio wa kwanza kuzaliwa Marekani. Wengine wote walikuwa wageni waliokuja na lugha zao, desturi zao na kumbukumbu zao. Neno hili tulishike, maana Louis alipokuwa mtu mzima alikasirika sana kila alipoona Wamarekani wakiiga majengo ya Wagiriki na Warumi wa kale. Mtoto wa wageni ndiye aliyedai nchi mpya iwe na majengo yaliyo yake.

Patrick alihamahama mji kwa mji akitafuta wanafunzi. Kwa sababu hiyo Louis alikaa sana kwa babu yake, aliyekuwa na shamba dogo huko South Reading, kaskazini ya Boston. (Mji huo ulibadilishwa jina mwaka 1868 ukaitwa Wakefield.) Babu alimpenda mjukuu huyu kuliko kiasi, akamwacha azunguke alivyotaka. Pengine mtoto alitoroka shule siku nzima akaingia bondeni, akakusanya mawe na matope, akajenga boma la kuzuia maji ya kijito, akaketi kuitazama kazi ya mikono yake. Kulikuwako mti mkubwa peke yake mbugani, naye aliuhesabu kuwa ni wake, akawa akiuendea kama mtu aendavyo kumwamkia mzee. Watu wengine hudharau mambo ya namna hiyo, wakisema ni michezo ya watoto. Lakini majani, mashina na machipukizi aliyoyatazama huko ndiyo yaliyorudi baadaye katika nakshi za majengo yake.

Baba alikuwa na malezi ya namna nyingine. Alimwamsha mapema, akamtia katika maji baridi, akamfundisha kuogelea na kutembea mwendo mrefu bila kunung'unika. Siku moja walifika penye mto Merrimack, mahali palipo na daraja kubwa lililotundikwa kwa minyororo. Mtoto aliona chuma kizito kimening'inia juu ya maji, akashikwa na hofu kwamba litaanguka wakati wowote. Baba hakumcheka. Alimweleza polepole jinsi minyororo ilivyochukua uzito wa njia, na jinsi nguzo zilivyochukua minyororo. Hofu ikatoka, na mahali pake pakaingia mshangao: kwamba wanadamu, watu kama baba yake, wameweza kuwaza na kutenda jambo kama lile. Louis alilikumbuka daraja hilo mpaka uzee wake.

Alipokuwa na miaka ipatayo 12 alimwona mtu mmoja mjini Boston, mwenye ndevu na kofia ndefu, akitoka kwa fahari katika jengo lililokuwa likijengwa. Akamwuliza mfanyakazi mtu yule ni nani. Akaambiwa kwamba ndiye aliyelichora jengo zima, na kwamba amelitoa lote kichwani mwake. Tangu siku ile mtoto hakutaka kazi nyingine.

Mwaka 1868 wazazi walihamia Chicago. Louis hakufuatana nao. Alibaki kwa babu na bibi kwa ajili ya masomo. Katika shule ya Boston alimpata mwalimu mmoja mkali, jina lake Moses Woolson, aliyewazoeza wanafunzi kunyamaza, kusikiliza, na kutazama kitu mpaka wakione kweli. Bibi Anna alikufa mwaka 1871, na shamba lile likaisha kuwa makao yao. Mwaka 1872, akiwa na miaka 16, Louis aliingia katika chuo cha ufundi cha Massachusetts, ambacho ndicho chuo cha kwanza cha Marekani kufundisha uchoraji wa majengo. Hakumaliza. Aliona kwamba wanafundishwa kunakili nguzo za kale, akaondoka baada ya mwaka mmoja.

Akaenda Philadelphia, ambako babu yake alikuwa amehamia. Akitembea mjini aliona nyumba mpya iliyompendeza, akauliza nani aliyeichora, akaambiwa ni Frank Furness. Kijana akaenda moja kwa moja kwa bwana huyo akasema anataka kazi. Furness alimkaripia, kisha akamchukua kwa majaribio ya juma moja, naye akakaa miezi. Lakini mwaka ule wa 1873 mabanki yalianguka, kazi zikasimama, na Louis akaachishwa kwa kuwa ndiye mdogo wa mwisho. Hakuwa na kosa lo lote. Alipanda gari la moshi akawafuata wazazi wake Chicago.

Mji aliouona ulikuwa bado na magofu ya moto. Miaka miwili nyuma, mwezi wa Oktoba 1871, moto uliwaka siku mbili ukateketeza majengo yapatayo 17000. Watu karibu 300 walikufa na watu 100000 walikosa makao. Mwenye kutaka kujenga hakuwa na mahali pazuri kupita hapo. Louis aliona magofu, akasikia nyundo, akajiambia kwamba ndipo mahali pake. Alifanya kazi kidogo kwa William Le Baron Jenney. Mwaka 1874 alivuka bahari kwenda Paris kujifunza katika shule kuu ya sanaa. Ili aingie ilimpasa kushinda mitihani mikali kwa Kifaransa, naye alijifunza usiku na mchana majuma sita mpaka akashinda. Huko mwalimu wake wa hesabu alimwambia kwamba kanuni njema ni ile isiyoacha hata jambo moja nje yake. Kijana akaanza kuuliza: Je, majengo nayo hayawezi kuwa na kanuni ya namna hiyo? Kabla ya kurudi alisafiri mpaka Roma. Katika siku tatu alizokaa huko, mbili alizitumia katika kanisa la Sistina, akizitazama picha za Michelangelo. Alizioneamo nguvu ya mtu mmoja aliyewaza jambo kubwa na kulitimiza. Paris haikumweka. Mwaka 1875 alikuwa amekwisha rudi Chicago, na kusoma shuleni kukaishia hapo.

Rafiki mmoja alimpeleka kwa Dankmar Adler. Na hapa twaona mtu wa pili wa maisha yake, ambaye mara nyingi husahauliwa kwa sababu hakuandika vitabu. Adler alizaliwa Ujerumani mwaka 1844. Mama yake alikufa katika kumzaa, naye alilelewa na baba yake, mwalimu wa dini ya Kiyahudi, waliyehamia naye Marekani mwaka 1854. Alipigana vita vya ndani vya Marekani katika kikosi cha mizinga. Alikuwa mtu mfupi mnene, mwaminifu katika hesabu, aliyejua misingi, chuma, na hasa namna sauti inavyosafiri katika ukumbi. Wenye fedha walimwamini. Sullivan alikuwa kijana mwenye majivuno, mkono wa ajabu katika kuchora, lakini hakuwa na subira kwa wenye mali. Mwaka 1883 ofisi yao ilikuwa na majina yao mawili. Katika miaka iliyofuata walitoa kazi zaidi ya 100.

Kazi iliyowapa jina kubwa ni Auditorium ya Chicago. Tajiri mmoja, Ferdinand Peck, alitaka mji uwe na jumba la muziki ambalo watu wa kazi nao waweze kuingia, si wakubwa tu. Kuanzia mwaka 1886 walijenga chini ya dari moja ukumbi wa watu zaidi ya 4000, hoteli, na ofisi nyingi, pamoja na mnara wa ghorofa 17. Jengo lilikuwa na uzito wa tani 110000, na udongo wa Chicago ni utelezi laini. Shida ilikuwa hii: mnara ukiwa mzito kuliko pande nyingine utazama zaidi, na kuta zitapasuka. Adler alitia matofali na vipande vya chuma katika sehemu ya chini ya mnara, uzito sawasawa na wa ghorofa zilizokuwa bado kujengwa, akaviondoa kidogo kidogo kadiri mnara ulivyopanda. Jumba likafunguliwa tarehe 9 Desemba 1889, raisi wa Marekani Benjamin Harrison akiwapo. Sauti ndogo ya mwimbaji ilisikika mpaka kiti cha mwisho: hiyo ni kazi ya Adler. Matao yenye dhahabu na taa, na nakshi zilizoenea kama mimea inayotambaa: hiyo ni kazi ya Sullivan. Wakahamisha ofisi yao juu kabisa ya mnara ule, wakautazama mji chini yao.

Sasa turudi kwenye lile swali la majumba marefu. Zamani kuta zenyewe zilichukua uzito wa nyumba. Ukitaka kwenda juu, ilikupasa kunenepesha kuta za chini. Jumba la Monadnock, lililojengwa Chicago na watu wengine mwaka 1891, lina ghorofa 16, na kuta zake chini zina unene wa karibu mita mbili. Ndipo ikagunduliwa njia nyingine: kusimamisha nguzo na boriti za chuma kama mifupa ya mwili, na kuta zikawa kama ngozi tu, zisizobeba kitu. Na kwa kuwa lifti ilikuwa imekwisha kupatikana, watu hawakuogopa tena ngazi. Njia ilipatikana basi, ila sura ilikosekana. Wachora ramani walipanga vipande vya zamani kimoja juu ya kingine, kama mtu aliyebandika nyumba nne ndogo ili apate moja ndefu.

Mwaka 1890 mwenye kiwanda cha pombe wa mji wa Saint Louis, Ellis Wainwright, aliwataka Adler na Sullivan wamchoree jumba la ghorofa 10. Sullivan alilichora kwa siku chache. Ghorofa mbili za chini ni za maduka, kwa hiyo zina madirisha makubwa. Ghorofa za katikati ni ofisi zilizo sawa zote, kwa hiyo zinaonekana sawa zote. Ghorofa ya juu ni ya mitambo na matangi, kwa hiyo ina ukanda wa nakshi na madirisha madogo ya duara. Na katikati yake nguzo za matofali mekundu zapanda moja kwa moja bila kukatwa, ili macho yapande pamoja nazo. Jumba refu halioni haya tena kuwa refu. Mwaka 1896 alieleza fikira yake katika makala ambayo wachora ramani wanaisoma hata leo. Alisema kwamba kila kitu kilicho hai hupata umbo lake kutokana na kazi yake. Ukucha wa chui uko vile kwa kuwa hushika. Mzizi wa mti uko vile kwa kuwa hunyonya. Vivyo hivyo kazi ya jengo ndiyo iamuru sura yake, na kazi isipobadilika, sura isibadilike. Wengine baadaye waliyafanya mafundisho hayo kuwa ruhusa ya kujenga masanduku makavu yasiyo na pambo. Sullivan asingaliwakubali, kwani hakuna aliyependa mapambo kuliko yeye. Jumba la Guaranty, alilolijenga mjini Buffalo mwaka 1895 hata 1896, limefunikwa lote na vigae vya udongo uliochomwa, na hakuna kigae kisicho na nakshi.

Katika miaka hiyohiyo walijenga sinagogi kwa ajili ya jamii ya Wayahudi ambayo baba yake Adler alikuwa mwalimu wao. Miaka mingi baadaye, mwaka 1922, jengo hilo likawa kanisa la Wabatisti weusi wa Chicago, na ndani yake Thomas Dorsey alifundisha nyimbo za dini zilizoenea tangu hapo duniani pote. Moto uliliteketeza mwaka 2006. Kuta tu zikasalia.

Mpaka hapa mambo yalikwenda kwa baraka. Baba yake Louis alikufa mwaka 1884, kabla hajaona sifa za mwanawe. Mama alikufa mwaka 1892, wakati Louis alipokuwa akimjengea nyumba kwa fedha ya Albert, ambaye sasa alikuwa mkubwa katika shirika la reli. Hakuingia katika nyumba ile. Louis alikaa humo miaka michache. Mwaka 1896 Albert akahamia na mkewe, na Louis akatoka. Undugu wao ulipoa tangu hapo, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwani walikuwa wawili tu.

Kabla ya hapo, mwaka 1893, alikuwa amemfukuza kijana aliyekuwa mkono wake wa kuume, Frank Lloyd Wright, kwa kuwa alichora nyumba za watu kwa siri kinyume cha mapatano. Kosa lilikuwa la Wright, ndiyo. Hata hivyo walinyamaziana miaka mingi. Mwaka huohuo wa 1893 palifanyika Chicago maonyesho makubwa ya dunia. Karibu majumba yote yalikuwa meupe, yenye nguzo za Kirumi. Jumba la Sullivan peke yake lilikuwa na rangi nyingi na mlango mkubwa wa dhahabu. Watu walishangilia yale meupe, wakarudi kwao wakitaka nyumba, mabanki na mahakama za namna hiyo. Sullivan aliandika baadaye kwamba hasara yake itadumu miaka 50.

Mwaka uleule mabanki yakaanguka tena. Kazi zilipungua sana. Adler alikuwa na mke na watoto. Mwaka 1895 akaiacha ofisi akaenda kufanya kazi katika kampuni ya lifti. Haikupita miezi sita akajuta, akataka kurudi. Sullivan alikataa. Aliona kwamba ameachwa, naye hakujua kusamehe kuachwa. Labda mtoto wa mtu aliyepotezwa na babake gulioni alirithi jeraha lile. Hiyo ni fikira yetu tu. Lakini ni hakika kwamba kukataa huko kulimharibia maisha. Wenye mali walikuwa wakimjia Adler, na Adler ndiye aliyemvumilia Sullivan. Pasipo yeye, nani atakayezungumza nao kwa upole? Adler akafa mwaka 1900. Sullivan aliishi miaka 24 baada yake, na katika wakati tangu kuachana kwao mpaka kufa kwake alipata kazi zipatazo 20 tu.

Kazi hizo chache si za kudharauliwa. Mojawapo ni duka kubwa la Schlesinger na Mayer mjini Chicago, lililojengwa kati ya 1899 na 1904, ambalo pembe yake yenye mlango imezungushiwa chuma kilichosubuwa kama kichaka cha majani. Nyingine ni kanisa la Utatu Mtakatifu la Warusi wa Chicago, lililobarikiwa mwaka 1903 na askofu Tikhon, aliyekuwa baadaye patriarka wa Moscow. Ni kanisa dogo, la unyenyekevu, lifananalo na makanisa ya vijiji vya Urusi, na mfalme Nikolai wa Pili alichangia fedha. Padri wake, John Kochurov, alirudi kwao, akauawa mwaka 1917 mapinduzi yalipoanza. Kanisa la Warusi lilimwandika katika orodha ya watakatifu mwaka 1994. Sullivan hakuwa mtu wa kushika dini. Lakini mbele ya kazi hii aliweka majivuno yake chini, akawajengea maskini wale kitu walichokijua tangu utoto wao.

Mwaka 1899 alioa. Hawakupata mtoto, na mwaka 1909 mkewe alimwacha. Mwaka ule ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Vitabu vyake, mazulia yake na vitu vyake vya thamani viliuzwa kwa mnada. George Elmslie, Mskoti aliyemtumikia miaka 20 na ambaye mkono wake ulichora sehemu kubwa ya nakshi za miaka ya mwisho, ilimbidi kuondoka kwa kukosa mshahara. Nyumba yake ya mapumziko huko Mississippi, yenye bustani ya waridi aliyoitunza mwenyewe, iliuzwa mwaka 1910. Pombe ilikuwa imekwisha kumshika.

Ni nani aliyempa kazi mtu wa namna hii? Watu wa miji midogo ya mashambani. Carl Bennett, mwenye banki katika mji wa Owatonna, Minnesota, alisoma makala yake moja akamwita. Banki hiyo iliyokamilika mwaka 1908 ni kama sanduku kubwa la matofali mekundu, yenye tao la vioo kila upande wa njia, na ndani mna mwanga wa kijani na manjano kama wa shamba la mahindi. Mkulima aliyekuja kuweka fedha yake chache aliingia mahali penye fahari kuliko banki nyingi za New York. Kisha zikafuata banki nyingine za Iowa, Ohio na Wisconsin. Alipofika Grinnell, Iowa, mwaka 1913, husimuliwa kwamba alinunua karatasi kwa muuza dawa, akachora papo hapo kwa siku tatu huku akiwauliza watu wa banki walivyofanya kazi. Katika mji wa Sidney, Ohio, aliketi ukingoni mwa njia siku mbili akikitazama kiwanja na kuvuta tumbaku, ndipo akawaeleza wakubwa jengo zima. Mmoja wao akasema yeye angependa nguzo za kale. Sullivan akakunja karatasi zake akamjibu kwamba wachora ramani elfu wanaweza kumpa nguzo za kale, bali jengo hili ni mmoja tu awezaye kulitoa. Alikuwa na miaka 60, bila fedha, bila kazi nyingine. Wakamkubalia. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1918, na mwaka huohuo ilimbidi kushuka kutoka mnara wa Auditorium, kwa kuwa hakuweza kulipa kodi.

Tangu hapo alikaa katika chumba kimoja cha hoteli. Mwenye kiwanda cha vigae vya udongo alimpa meza ya kufanyia kazi. Chama cha waandishi na wasanii kilimpa meza nyingine, na hapo ndipo alipoandika kitabu cha maisha yake, ambamo habari za babu, za mti na za daraja zajaza kurasa nyingi kuliko habari za majumba. Rafiki walimchangia fedha za chakula. Wright, aliyefukuzwa zamani, alikuwa mmoja wao. Walikuwa wamepatana, naye alimwita mpaka kufa kwake kwa neno la Kijerumani lenye maana ya mwalimu mpendwa. Wakati huohuo alichora karatasi za kuonyesha jinsi nakshi nzima inavyoweza kuchipuka kutoka mbegu ndogo. Mkono uliokuwa ukitetemeka haukutetemeka katika karatasi hizo.

Mwezi wa Aprili 1924 vitabu hivyo viwili vilitoka katika mitambo, vikaletwa kitandani pake, akaviona. Siku chache baadaye, tarehe 14, alikufa, naye alikuwa na miaka 67. Mwaka 1944 wachora ramani wa Marekani walimpa medali yao ya dhahabu, miaka 20 baada ya kuzikwa. Hata hivyo majengo yake mengi yalibomolewa. Jumba la soko la hisa la Chicago lilivunjwa mwaka 1972, na mpiga picha Richard Nickel, aliyekuwa akiokoa nakshi zake kwa mikono yake, alifukiwa na kifusi akafa humo. Tao la mlango wake limesimamishwa nje ya nyumba ya sanaa ya mji.

Sullivan alizikwa katika makaburi ya Graceland, mjini Chicago, karibu na baba yake na mama yake. Mwanzoni hapakuwa na jiwe la maana. Rafiki waliliweka mwaka 1929, wakalitia nakshi mojawapo aliyoichora yeye. Katika makaburi hayohayo, miaka mingi nyuma, mwaka 1890, alikuwa ameijenga nyumba ndogo ya mawe kwa ajili ya kaburi la mke wa mfanyabiashara wa mbao, aitwaye Getty, yenye malango ya shaba ambayo majani na mashina yake yamesokotwa kwa wembamba kama utepe wa bibi arusi. Wageni wanaokuja kulitafuta kaburi lake huonyeshwa kwanza hilo.